Chozi na Kiwanda cha Leso

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, usimtafute kwenye semina za wajasiriamali, ingawa huko ndiko anakopatikana kwa urahisi. Huko atakuambia kwamba kila mtu ana chozi lake, na mwenye akili huligeuza kuwa mtaji. Watu hupiga makofi, wengine huandika kabisa. Halafu hujipanga kupiga naye picha, wakimwomba akunje uso kidogo kama zamani, naye hukunja, maana mteja ni mfalme na wafalme hawana haya.

Nenda kiwandani kwake. Kiwanda ni neno kubwa, lakini ndilo lililoandikwa kwenye kibao, nasi si watu wa kubishana na vibao. Ni ukumbi mmoja mrefu wa bati nyuma ya gereji, uliokuwa wa seremala, na mpaka leo ukipiga chafya karibu na ukuta vumbi la mbao linakujibu. Katikati kuna mashine iliyonunuliwa ikiwa imeshachoka. Humeza gombo la karatasi laini lililonenepa kama pipa, hulikata, hulikunja, kisha hutema leso mojamoja kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Fundi wake huilaani kutwa nzima na haruhusu mtu mwingine ailaani. Kando yake akina mama wamekaa kwenye meza ndefu wakipanga leso kwenye maboksi. Na juu ya kila boksi kuna uso wa mtoto wa kike, mashavu yamelowa, mdomo umepinda, jicho limejaa pomoni. Chini yake pameandikwa CHOZI, na chini ya hapo, kwa herufi ndogo: Laini kama mkono wa mama.

Maneno hayo ya mwisho aliyatunga mama yake mwenyewe. Usicheke bado.

Mtoto wa kwenye boksi ndiye mwenye kiwanda. Kila mtu anamwita Chozi: wafanyakazi, benki, majirani, hata aliyekuwa mume wake, ambaye waliachana kwa amani, yaani kila mmoja aliamini ameponyoka. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na huko limetulia.

Hadithi yake ilianzia chini ya meza ya cherehani. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo za waigizaji wa mchezo mmoja wa televisheni, na kwa kuwa baba mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuondoka na kurudi, kurudi na kuondoka, mtoto alibebwa kazini na kulazwa juu ya vipande vya vitambaa. Mchezo wenyewe ulihusu yatima anayeteswa na mama wa kambo. Ulipendwa kupita kiasi. Inaonekana wenye wazazi wao hawakuwa na starehe nzuri zaidi ya kukaa kochini na kumtazama asiyekuwa nao.

Sasa ikatokea siku moja yatima aliyeajiriwa akagoma kulia. Alibembelezwa, alitishwa, alifinywa kwa siri, wapi. Mwongozaji akatupa karatasi zake sakafuni akasema mchezo umekufa. Ndipo mshonaji akatoa pini mdomoni akasema kwa adabu, "Huyu wangu analia."

Wakamvalisha gauni lililochanika, kazi ya mikono ya mama huyohuyo, wakamsimamisha mbele ya taa. Mama akainama, akaweka kiganja kwenye sikio la mtoto, akamnong'oneza kitu kifupi, akaondoka. Mtoto alilia mpaka mpiga picha akajifuta pua. Alilia kwa namna ambayo haifundishiki, na ilipokwisha mwongozaji alimbeba juu kama kombe. Hakuna aliyeuliza mama kamwambia nini. Kazi ikienda vizuri, nani ana muda wa kuuliza?

Alichomwambia ni hiki: "Baba yako amekufa."

Hayo tu. Na taa zilipozimwa, mama alimvuta kifuani akamwambia nilikuwa nakutania, mwanangu, baba yuko njiani, anakuletea viatu. Na kweli, baada ya siku chache lori lilikuja, baba akashuka na viatu. Kwa hiyo tuseme ukweli: ni watoto wangapi duniani wamewahi kufufuliwa baba kila wiki, bila malipo, na viatu juu?

Maana ilikuwa kila wiki. Yatima aliitwa Chozi katika mchezo, na jina likamganda. Wafanyakazi wa pale wakaizoea ile shughuli mpaka wakaipa jina. Siku ya kurekodi mwongozaji alikuwa anasema, "Mama Chozi, mtie ufunguo," kama mtu anayezungumzia saa ya ukutani. Ukumbi wote unanyamaza, mama anainama, kiganja sikioni, na saa inaanza kwenda. Unaweza kudhani mtoto atazoea. Wajuzi wa mambo wangekuambia kwamba uongo ukirudiwa mara ya tano haumtishi mtu. Lakini wajuzi wa mambo hawana baba anayeendesha lori usiku kwenye barabara za milimani. Kila mara mtoto alijiwazia: zile nyingine zilikuwa utani, je, hii?

Umaarufu ulikuja na mizigo yake. Walimu walimpa alama za huruma. Wanawake sokoni walimkumbatia na kumpa maembe, na wanawake haohao walimzomea mwigizaji wa mama wa kambo, ambaye kusema haki ndiye alikuwa mtu mwema kuliko wote pale kazini. Yule mama ndiye aliyekuwa akimletea Chozi maandazi ya moto kwenye kitambaa, na ndiye pekee aliyegeuza uso mama mtu alipoinama. Mara moja alijaribu kusema. Mama Chozi akamjibu kwamba mwenye mtoto ndiye anayejua anakula nini. Yalikwisha hapo.

Na kweli walikula. Hili lazima lisemwe, maana mama huyu si mchawi. Mshahara wa dereva ulikuwa ukifika nyumbani umekonda kama mgonjwa. Machozi ya mtoto yalilipa kodi, yalinunua friji, yalimtoa mama kwenye cherehani akawa Meneja, mwenye mkoba na miwani ya jua. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hauulizwi umetoka wapi.

Chozi alipofika umri wa miaka kumi, lori lilikosa breki kwenye mteremko. Habari ilifika nyumbani asubuhi, kwa miguu ya mwenye kampuni. Mama alimsikiliza mlangoni, akashukuru, akafunga mlango. Mtoto alikuwa sebuleni anafunika daftari zake kwa gazeti. Mama akamwendea, akainama, akaweka kiganja sikioni, akamwambia kwa sauti ileile.

Chozi alilia. Alilia vizuri sana, kama siku zote. Kisha akanyamaza, akajipangusa kwa pindo la sketi, akakaa vizuri kwenye kiti, akasubiri aambiwe kwamba ni utani.

Alisubiri siku nzima. Alisubiri watu walipokuja na viti, alisubiri kaburini, akiwa mkavu, ametulia, akimtazama mama yake usoni kila baada ya muda kama abiria anayetazama njia. Waombolezaji waliliona hilo, na waombolezaji si watu wa kukaa na kitu moyoni. Wakasema mtoto ana maringo, halii mpaka alipwe. Shangazi mmoja alitamka kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe kwa wageni ndiko kuna machozi. Hakuna aliyejua kwamba mtoto alikuwa hajafiwa bado. Alikuwa kwenye zamu, anangoja taa zizimwe.

Sijui ni siku gani hasa alielewa. Yeye mwenyewe hajui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo ufunguo haukufanya kazi tena. Mama alijaribu. Alinong'ona bibi amekufa, akanong'ona mimi mwenyewe nitakufa, mtoto akamtazama kwa macho makavu, ya mtu anayesikiliza bei ya nyanya. Walileta vitunguu, walileta matone ya dawa, ikawa kazi ya kumlowesha mtoto tu. Watengenezaji wakatangaza kwamba Chozi amekua. Katika mchezo, yatima alipata mfadhili akapelekwa kusoma ng'ambo, ambako bila shaka yuko hadi leo na shahada zake.

Yule mwingine, wa nyama na damu, hakupelekwa popote. Alimaliza shule akiwa na sura inayojulikana na wasifu usiofaa kwa lolote. Akaajiriwa mapokezi ya hoteli, wageni wakawa wanamwambia, "Hebu lia kidogo tuone." Akauza simu, wateja wakawa wanaomba punguzo kwa kumkumbusha walivyomlilia wakiwa wadogo, kana kwamba alikuwa na deni la maji ya macho yao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, watu walisema, na walisema hivyo kwa huruma ile ambayo ndani yake kuna sukari.

Mwisho akapata kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya usafi, na huko ndiko bahati ilikomwona. Alikuwa akipanga leso za karatasi kwenye rafu, mteja mmoja akasema kwa mzaha, "Chozi anauza vya kufutia chozi." Watu wote wakacheka. Yeye hakucheka, alishika boksi akaligeuza, akasoma limetengenezwa wapi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi kwelikweli, na hapo sina kejeli. Alijifunza karatasi zinatoka wapi, ipi inachanika ikilowa na ipi inavumilia pua ya mtu mwenye mafua. Alikopa, alidhalilishwa, alikodi ukumbi wa seremala, akakinyang'anya kiwanda cha magazeti fundi wake mkorofi. Alipohitaji picha ya kuweka kwenye boksi, hakutafuta mbali. Picha alikuwa nayo.

Kwa hiyo usimwonee huruma haraka. Mtu ambaye hajadondosha tone tangu utotoni alitajirika kwa kuuza leso zenye picha yake analia. Kama hilo si ujasiriamali, basi neno hilo lifutwe.

Mama yake alirudi kazini pia. Meneja mstaafu alipewa kiti chenye mito karibu na mlango wa ofisi, na cheo cha Mshauri Mkuu, ambacho maana yake ni kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia abaki nyumbani. Alikuwa mzee wa kupendeza, mwenye kucheka na kila mtu, na akina mama wa mezani walimpelekea kesi zao zote. Yeye na binti yake walipatana. Walizungumza habari za karatasi, za bei, za magoti ya mzee. Habari ya sikio hawakuizungumza hata mara moja.

Na kulikuwa na Redio. Huyu alikuwa binti wa Chozi, mtoto wa miaka saba, aliyepewa jina hilo na fundi kwa sababu hazimiki. Aliingia kiwandani kila akitoka shule, akaeleza habari za darasa lote, akauliza mashine inakula nini, inalala saa ngapi, kwa nini fundi haoi. Baba yake alikaa mji mwingine na kupiga simu siku za sikukuu. Dunia ya Redio ilikuwa mama, basi; bibi alikuwa wa pili, kwa mbali kidogo.

Shida ilikuja ndani ya boksi lenye maua. Kampuni moja kubwa ilianza kuingiza leso zenye harufu ya waridi, na maduka makubwa yakazipanga mbele, kwenye usawa wa macho. Chozi akashushwa rafu ya chini, usawa wa magoti. Ofisa wa manunuzi wa duka moja, kijana mwenye tai nyembamba, alimweleza kwa upole kwamba sura ya kwenye boksi haijulikani tena. Akina mama vijana wanauliza huyu mtoto ana nini, mbona hapelekwi hospitali. Alete tangazo jipya la televisheni, sura mpya, la sivyo nafasi ya rafu atapewa mwingine. Kizuri chajiuza, lakini inaonekana lazima kwanza kionekane.

Chozi alirudi kiwandani amenuna. Kabla hajaketi, mama yake alishamaliza kufikiri.

"Sura mpya ya nini? Mashavu yaleyale haya hapa yanazunguka bure," akasema, akimwonyesha Redio kwa kidole.

Redio alifurahi mpaka akaanguka kwenye rundo la maboksi. Jioni hiyohiyo alikuwa mbele ya kioo akijaribu sura za huzuni, zote zikiishia kwenye kicheko. Chozi alikataa. Alikataa wiki nzima, huku fundi akimuuliza kama anunue vipuri au asinunue, huku akina mama wa mezani wakinyamaza kila anapopita. Mwisho akakubali kwa sharti moja, na sharti hilo alilisema akiwa amesimama mbele ya kiti chenye mito.

"Hutamgusa sikio mtoto wangu."

Mzee alishika kifua kama aliyesingiziwa wizi. "Mimi? Mzee kama mimi nimnong'oneze nini mtoto? Si siku hizi wana matone?"

Matone yalikuwepo. Siku ya kurekodi kulikuwa na kila kitu: nyumba ya kukodi yenye sebule safi, kochi ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulipanda, mwigizaji wa kuwa mama kwenye tangazo, na mwongozaji aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Kisa chenyewe kilikuwa rahisi. Mtoto anavunja kikombe, analia, mama anamfuta kwa leso ya Chozi, mtoto anatabasamu. Dunia inapona.

Redio alivunja kikombe vizuri sana. Baada ya hapo hakukuwa na la maana. Walipomtia matone alipepesa macho akatangaza, "Naona watu wawiliwawili." Walipomwambia afikirie jambo la kuhuzunisha alifikiri, akasema fundi hana mke, kisha akaeleza ni nani angemfaa. Wafanyakazi walicheka, mwanzoni. Vikombe vilivunjwa mpaka mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni. Jua likaanza kuhama dirishani, na mwongozaji akaanza kuvua na kuvaa kofia yake. Akamvuta Chozi pembeni, akasema jua likiondoka hapo itabidi kila kitu kilipwe upya, na kwamba kwa heshima zote, talanta hairithiwi.

Ndipo mzee akanyanyuka kwenye kiti alichowekewa.

"Nipeni dakika moja na mjukuu wangu. Nimtulize tu," akasema. Kisha akamgeukia binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na wewe hebu toka nje kidogo. Mtoto akikuona anakuchekea."

Chozi alitoka. Mwanamke ambaye kwenye semina huwafundisha wenzake kwamba mwenye biashara hatoki kwenye chumba chenye maamuzi, alitoka kama mtoto aliyetumwa chumvi. Alijiambia ni kweli, Redio alikuwa anamchekea. Alijiambia sharti limeshawekwa. Akasimama kwenye korido ya watu, kando ya friji ya watu, akasoma sumaku zilizobandikwa mlangoni mwake, moja ya nanasi na moja ya fundi bomba.

Hapo ndipo swali lilipomjia. Kama ni kumtuliza mtoto, kwa nini mimi nitoke? Na jibu lilikuja palepale, halikuhitaji semina. Mtoto huyu hana baba wa kuuawa. Baba yake ni sauti ya kwenye simu. Mtoto huyu ana mtu mmoja tu. Na huwezi kumwambia mtoto kwamba mtu amekufa huku mtu mwenyewe amesimama mbele yake na mkoba.

Kilio kikatoka sebuleni.

Alikifahamu. Watu wengine husikia sauti zao kwenye simu wakazikana, lakini yeye hakuweza kukikana kile. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika katikati kama kitambaa kinachochanwa. Sebule nzima kule ndani ilinyamaza. Na sasa nitasema jambo ambalo yeye hajalisema kwenye semina yoyote. Miguu yake haikutoka mbio. Alisimama. Ndani ya kichwa chake mwenye kiwanda alisema: ni kizuri hiki, subiri kidogo kiishe, kisije kikakatizwa tukarudia. Alisubiri. Si muda mrefu, pengine mtu kuvuta pumzi mara tatu nne, lakini alisubiri, na alijua anasubiri nini. Kisha akasikia aibu ambayo haijawahi kumpata, si kwa ofisa wa tai nyembamba, si kwa wageni wa hotelini, akausukuma mlango.

Aliingia mpaka katikati ya taa. "Nipo," akasema. "Redio, nipo hapa. Mama yupo."

Mtoto alikoma. Hakumkimbilia. Alimtazama mama yake, halafu akamtazama bibi, halafu mama tena, kama anayetaka kuambiwa amwamini yupi. Alisogea taratibu, akamgusa blauzi kwa ncha ya kidole, kama unavyogusa sufuria usilojua kama limepoa. Ndipo akamng'ang'ania, akampiga ngumi tumboni, akamng'ang'ania tena.

"Kata," mwongozaji alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuswali. "Jamani. Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kama hicho." Na watu wakapiga makofi. Wangefanyaje? Kazi ilikuwa imekwenda vizuri.

Chozi alimwambia aifute rekodi hiyo. Mwongozaji alidhani amesikia vibaya. Alieleza kuhusu jua, kuhusu rafu, kuhusu kipaji cha ukoo ambacho sasa alikiamini kuliko mtu yeyote. Alipoona hasikilizwi aliifuta mbele yake, kwa mkono wa mtu anayemwaga maziwa.

Mama na binti walikutana jikoni mwa nyumba ile, Redio akiwa amelazwa garini na dada wa vipodozi. Mzee alikuwa ameketi kwenye stuli, mkoba mapajani, hana dalili ya kujuta.

"Ningemwambia ni utani. Ungesubiri tu," alisema. "Hata wewe nilikuwa nakuambia, na hukufa. Ulikula, ulisoma."

Chozi alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza kwa miaka. Yote yalikimbia, likabaki moja.

"Na siku ile ya baba?"

Mzee alifungua mkoba, akaufunga. Alipozungumza hakumtazama.

"Siku ile nilitafuta sauti nyingine," akasema. "Sikuwa nayo. Nilikuwa na ile moja tu."

Chozi alitaka kumchukia, na angekuwa na haki. Lakini alimwona alivyo, mjane wa asubuhi moja, ameinama mbele ya mtoto na habari mbaya kuliko zote na hana njia ya kuisema isipokuwa ile waliyoichezea pamoja. Alimwonea huruma, na alimkasirikia kwa kumfanya amwonee huruma. Alimshika mkono, akamsaidia kushuka kwenye stuli, kwa sababu ya magoti.

Tangazo lilionyeshwa baadaye. Lina mashine inakata karatasi, na mkono unavuta leso kwenye boksi. Halina mtu. Fundi anadai mkono ni wake na anadai umaarufu. Duka kubwa liliwapa rafu ya katikati, si ya macho wala ya magoti, na mzigo unatoka kwa mwendo wa kobe. Akina mama wa mezani bado wana kazi, ila siku moja ya wiki hawaitwi. Kwenye boksi jipya kuna duara la rangi ya samawati. Kwenye semina wanamuuliza duara hilo lina ujumbe gani, naye anawaambia ni duara.

Bibi bado ana kiti chake karibu na mlango. Redio humsalimia kwa heshima, humletea maji, humvulia viatu. Lakini akiinama kusemeshwa huweka kiganja chake mwenyewe kwenye sikio, na bibi akaona, akaanza kuongea naye kwa sauti ya juu, kama na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Na mama akienda chooni, sauti humfuata mlangoni: "Mama?" Naye hujibu, "Nipo." Akichelewa kujibu, mlango hugongwa.

Alasiri moja walikuwa wawili mezani wakipanga leso, wengine wameshaondoka. Redio alikuwa akieleza habari za panya aliyeingia darasani. Katikati ya panya akasita.

"Mama, siku bibi akiniambia kweli," aliuliza, "nitajuaje?"

Chozi alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya kila namna, ya waandishi, ya benki, ya kijana mwenye tai, na mengine yamemfanya apigiwe makofi na watu waliosimama. Alitafuta moja la kumpa mtoto. Akatafuta tena.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi mpaka leo sijui."

Redio alimtazama, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, na habari ya panya hakuimalizia.